Kikwembe ya Exposé

— Citoyenne, cheka kidogo! Uko naolewa, hauko kwa daktari wa meno!

Salle yote ikapasuka kwa kicheko. Mwenye kusema vile alikuwa Citoyen Bagalwa, mwalimu wa cours ya Dini za Dunia, mwanaume wa tumbo la heshima, na abacost yake, koti ile serikali ilitaka wanaume wavae, ilikuwa inaibana ile heshima mpaka vifungo vilikuwa vinaomba msaada.

Ilikuwa 1973, kwa institut moja ya hapa Bukavu. Bagalwa alikuwa na namna yake ya kufundisha. Dini haisomwi kwa kitabu tu, alikuwa anasema, dini inaonwa. Kwa hiyo kila kikundi cha wanafunzi kilipaswa kuonyesha ndoa ya dini moja mbele ya wote, njo exposé yao. Waprotestanti walikuwa wamekwisha kupita na chorale yao ya kuimba. Wahindu, maana yake vijana wawili wa Kabare, walizunguka mbabula, jiko ya makala, mpaka kikwembe ya bibi harusi ikaanza kutoa moshi. Sasa ilikuwa zamu ya Uislamu.

Bwana harusi alikuwa Assani, kijana wa Kasongo, mwislamu kweli tangu kwa babu yake. Mashahidi walikuwa Shabani na Yuma, waislamu wa kwao Kasongo nao. Bibi harusi alikuwa Adolphine, binti Mushi, maana yake mutu wa Bushi, mukatoliki. Kwa karatasi za serikali aliitwa Nsimire, maana majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa. Lakini nyumbani jina la Adolphine walilificha kama vile watu wanaficha mbuzi mukubwa, chifu akipita.

Kulikosekana baba tu. Mwanafunzi wa kucheza baba alikuwa amelala na malaria.

— Lakini ule muzee wa nyuma pale ni nani? Bagalwa akauliza.

— Ni papa yangu, professeur. Ametoka Katana kuniletea ndizi na samaki sambaza.

— Eh! Baba mwenyewe iko hapa, na sisi tunatafuta baba wa kuazima? Karibu, papa, karibu mbele!

Papa Ignace akasimama, kofia mukononi.

— Citoyen professeur, mimi ni mukatekista.

— Ni exposé, papa! Pilato si munamucheza kila Pasaka kule Katana? Kuna mutu alishamupeleka jela?

Watu wakacheka. Papa Ignace naye akacheka, na mutu akishacheka amekwisha kukubali. Akaja mbele. Wakamufundisha maneno, akayasema kwa sauti ile ile ya kufundisha watoto katekisimu:

— Mimi Ignace, nimemutoa mutoto wangu Adolphine kwa Assani, kwa mahari ya hii kikwembe.

— Nsimire, papa, Nsimire! Serikali inasikia!

Kicheko tena. Assani peke yake ndiye sauti yake ilitetemeka kidogo:

— Nimemukubali kwa mahari hiyo.

Akamufunika mabegani kikwembe ya manjano yenye ndege wa buluu. Mpya, bado na harufu ya magasin penye ilinunuliwa. Shabani na Yuma wakasema wameona, wameshuhudia. Papa Ignace alicheka mpaka akapangusa machozi na kofia. Bagalwa akawapa points dix-sept kwa vingt, kumi na saba kwa ishirini.

Salle muzima, bibi harusi tu njo hakucheka.

Walipotoka, Assani akamushindikiza kwa barabara ya Nyawera. Virginie, rafiki ya Adolphine, akabaki nyuma kwa makusudi, anajifanya viatu vinamuuma.

Maana wale wawili walikuwa wanapendana tangu mwaka wa kwanza. Institut yote ilijua. Katana tu njo ilikuwa haijui.

— Hiyo kikwembe, Adolphine akasema, nitakurudishia lini?

— Kurudisha ya nini? Ni mahari yako.

— Assani, acha mchezo.

— Njo hivyo, siko nacheza. Sikiliza. Kwetu sisi kuna vitu vitatu havina mchezo: kuoa, kuacha, na kurudisha ule uliyeacha. Ukisema kwa kweli, ni kweli. Ukisema kwa kucheka, ni kweli vilevile.

— Maana yake?

— Maana yake baba yako amekutoa. Mashahidi wawili wamesikia. Mahari uko nayo mabegani. Mbele ya Mungu uko bibi yangu, tangu leo saa kumi.

Adolphine akasimama katikati ya barabara. Camionnette ya Uvira ikamupigia honi, shofa akamutukana kwa Kilingala, hata hakusikia.

— Ulijua? Kabla ya kwenda pale mbele, ulijua?

— Unafikiri kikwembe mpya ile niliinunua juu ya exposé?

— Na papa?

— Nitamwambia mimi mwenyewe, tukipata diplôme. Nikienda leo atanipiga na msalaba wa chapelle. Vumilia, bibi yangu.

Bibi yangu. Mutoto wa watu akameza lile neno muzima muzima, kama sambaza, na kichwa na mifupa.

Tangu siku ile, kila samedi, Jumamosi masomo yakiisha, Adolphine alipanda Kadutu kwa chumba cha Assani. Alipika bugali na mboga ya lengalenga, alifua chemise, aliweka kichwa chake kwa kifua ya bwana wake bila haya. Alifunga Ramadhani pamoja naye, anajifanya tumbo linamuuma kila Virginie akimwita kwenda kula. Lakini kwa misa ya dimanche, wakati wa komunyo, alibaki amekaa.

— Uko na zambi gani? Virginie akamunong'oneza.

— Sina zambi. Niko na bwana.

— Bwana wa classe?

— Bwana.

— Dada, kwenu Bushi ng'ombe ya mahari haijatembea. Kwa padri haujasimama. Nani anajua kama uko bibi ya mutu?

— Mungu wa Assani anajua.

— Sawa. Na Assani mwenyewe?

Adolphine akamukanyaga kidole cha mguu. Mbele yao mama mumoja akageuka na kuwatolea macho.

Wakati wa vacances ya Pasaka Assani akaenda kwao Kasongo kuona wazazi. Alirudi na mafuta ya mawese, mchele, na uso mupya. Akawa mutu wa kusema "tutaona". Kwa papa tutaenda lini? Tutaona. Kwa nini hauli? Tutaona. Adolphine akajipa jibu mwenyewe: ni woga wa examen.

Siku moja akashuka kwa depo ya musafirishaji mumoja kule mjini, penye phonie. Alitaka kusema na kaka yake Lucien, aliyekuwa Shabunda kwa zahabu. Wale wenye hawakuona phonie, niwaambie: ni radio ya kusemesha mutu wa mbali, lakini sauti inatoka inje kwa haut-parleur, na kila mwenye iko kwa foleni anakula habari zako pamoja nawe. Ukimaliza unasema "à vous", njo mwenzako anajibu. Siri ya phonie ni kama siri ya soko.

Operateur, mutu mwembamba wa sigara sikioni, akatoa kichwa kwa dirisha:

— Kasongo iko kwa laini! Inatafuta étudiant Assani! Nani anamujua?

— Mimi, Adolphine akasema.

— Uko nani wake?

Akafungua kinywa. Watu wa foleni wakamutazama.

— Tunasoma pamoja.

— Basi ingia umupokelee habari. Haraka, Shabunda yako inangoja.

Akashika micro. Sauti ya muzee ikatoka na makelele, kama vile iko inakaanga mafuta:

— Ni mimi baba mudogo wa Assani. Mwambieni Muzee Kalume wa magasin ya nguo amekwisha kutoka hapa. Atafika Bukavu siku ya examen yake, anataka kumusikia kwa masikio yake. Harusi na binti yake ni mwezi wa nane, tumekwisha kupanga yote. À vous.

Adolphine akatazama operateur kama vile yeye njo aliyesema.

— Jibu, citoyenne. Umesikia?

— Nimesikia.

— Sema "à vous", kama si hivyo hawasikii!

— Nimesikia. À vous.

— Vizuri. Na mwambieni asiogope kitu. Muzee Kalume hapendi binti yake akute bibi mwingine kwa nyumba, lakini nilimukumbusha kama Assani aliapa mbele yetu wote, hana muke. Bibi harusi anamusalimia sana. Nani anapokea habari? À vous.

Kwa foleni mama mumoja wa Bagira akaanza kupiga vigelegele kwa ajili ya ule bwana harusi asiyemujua. Bukavu hatunyimani vigelegele.

— Nani anapokea? À vous! sauti ikarudia.

— Mutu wa classe yake, Adolphine akasema. À vous.

Hakungoja Shabunda. Operateur akamwita, "Citoyenne, kaka yako! Kaka yako iko hewani!" Sauti ya Lucien ikabaki inaita peke yake pale inje, allô, allô, Adolphine, à vous.

Akapanda Kadutu na miguu, katika jua ya mchana. Akamukuta Assani anapiga chemise pasi.

— Baba mudogo wako anakusalimia.

— Wapi?

— Kwa phonie. Muzee Kalume anakuja. Bibi harusi pia anakusalimia sana. Nilimuitikia kwa jina lako.

Pasi ikabaki juu ya chemise. Harufu ya kuungua ikajaa chumba, hakuna mutu aliyejisumbua.

— Adolphine, kaa chini.

— Nasimama.

— Ni wazazi. Nilifika nikakuta wamekwisha kusema. Muzee Kalume njo alilipia masomo yangu, unataka nifanye nini?

— Kusema uko na bibi. Maneno matatu. Kwa Bagalwa ulisema mengi kuliko hayo.

— Ningewaambia nini? Kama nilioa kwa exposé? Na professeur anatupa points?

— Wewe njo ulisema kwenu hakuna mchezo.

— Nilisema...

— Kuoa, kuacha, kurudisha. Ulisema kwa barabara ya Nyawera, camionnette ikitaka kuniua. Ulisema uongo siku ile, ao uliapa uongo kule Kasongo? Chagua moja, nikusaidie kubeba.

Assani akakaa kwa kitanda. Alikuwa kijana muzuri, na kwa bahati mbaya alikuwa anajua. Akaanza kulia. Machozi ya mwanaume yako na kazi yake, lakini yale yalichelewa.

— Nilikupenda, Adolphine. Mungu anajua. Lakini ile ilikuwa classe. Mchezo wa wanafunzi. Kila mutu alicheka, hata papa yako. Wewe uko mukatoliki, utapata mwenzako, utavaa pete, nani atajua?

— Mchezo?

— Mchezo.

— Na samedi zote zile? Nazo zilikuwa za points?

Adolphine akachukua pasi, akaisimamisha pembeni, maana hata mwenye kuumizwa haachi nyumba ya watu iungue. Akatoka.

Virginie alitaka waende kumufanyia fujo.

— Tumupige viatu mbele ya wote! Niko na kiatu moja ya kisigino, inatosha!

— Hapana.

— Basi mwambie papa.

— Papa atasema mimi sikuolewa. Padri pia. Hakuna dini inaniona, Virginie, ila ya Assani tu. Basi nitamuuliza mwenyewe, kwa dini yake.

Siku ya examen ya mdomo ikafika, na ilikuwa wazi kwa wote, kama desturi ya Bagalwa. Alialika padri mumoja, pasteur mumoja, na Mwalimu Songoro wa muskiti, muzee mudogo wa miwani iliyofungwa na uzi. Muzee Kalume alikaa mbele, kanzu nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Papa Ignace alikuwa nyuma, na ndizi zake, maana binti yake naye alipaswa kupita siku ile.

Assani alisema vizuri. Siwezi kumunyima. Alisema juu ya sala, zaka, ndoa, mpaka Mwalimu Songoro akawa anatikisa kichwa kwa utamu. Muzee Kalume alikuwa anatazama watu pembeni, kama vile anawaambia: ule ni wangu.

— Bon, Bagalwa akasema. Munajua kanuni yangu. Swali moja la mwenzako wa classe, ukishindwa nakata points. Nani iko na swali?

Adolphine akasimama. Mukononi alikuwa na kifuko cha raphia.

— Mimi, citoyen professeur.

Assani akaweka chaki chini.

— Mwanaume wa dini yako, Adolphine akasema pole pole, anasema "nimeoa" kwa mchezo. Lakini baba wa binti iko pale na amemutoa. Mashahidi wawili waislamu wako pale. Mahari imetolewa na binti ameipokea. Kisha wote wanacheka. Ile ndoa iko, ao haiko?

— Swali nzuri! Bagalwa akapiga meza. Swali ya kitaalamu!

Masikini Bagalwa. Alikuwa amesahau kabisa dix-sept zake.

Assani akatazama Mwalimu Songoro. Akatazama Muzee Kalume. Akatazama dirisha, lakini salle ilikuwa juu, étage ya pili.

— Inategemea... kuna maoni ya wataalamu...

— Mutoto, Mwalimu Songoro akasema, hiyo hata watoto wa madrasa wanajua. Jibu.

— Jibu, Muzee Kalume akasema na furaha, hajui anakata tawi lenye amekalia. Waonyeshe!

Jasho ikamushuka Assani mpaka kwa kola.

— Iko.

— Sijasikia, Adolphine akasema.

— Iko! Ile ndoa iko.

— Asante. Basi, mbele ya hawa wazee, niambie mimi niko nani.

Shabani na Yuma, kila mumoja akaanza kuchunguza viatu vyake. Kisha nyuma ya salle ndizi zikaanguka chini. Papa Ignace alikuwa amekumbuka.

— Assani, Muzee Kalume akasema bila kupandisha sauti. Nilikuuliza.

— Baba, ilikuwa cours, ilikuwa...

— Nilikuuliza kama uko na muke. Ukaapa. Mwanaume anaweza kuwa na bibi wawili, dini inamuruhusu. Lakini hawezi kuwa na viapo viwili.

Akasimama, akachukua fimbo yake, akatoka. Watu wakamusikia anashuka, fimbo inagonga kila ngazi.

Assani akaacha tableau na chaki, akaja mpaka mbele ya Adolphine. Macho yalikuwa yale ya barabara ya Nyawera.

— Uko bibi yangu, akasema. Nasema mbele ya wote. Sasa hakuna wa kutuzuia. Twende nyumbani.

Wasichana wengine wakasema "aaah!" kwa utamu. Hata mimi ninayewasimulia, kama ningekuwa pale ningesema aaah, maana moyo ya mutu ni mupumbavu. Moyo ya Adolphine nayo ilisema aaah. Mukono wake ulianza kunyanyuka, akaurudisha kwa kifuko.

— Ungeyasema wakati muzee yule angali amekaa, ningekwenda na wewe mpaka Kasongo na miguu.

Akatoa kikwembe ya manjano, imefuliwa, imepigwa pasi, ndege wa buluu wamelala.

— Mahari yako. Ulinifundisha vitu vitatu. Ukiniacha kwa neno tu, unaweza kunirudisha kwa neno. Sitaki nibaki nimefungwa kwa kinywa chako. Lakini bibi akirudisha mahari, na bwana akaipokea na kumuacha, hawezi tena kumurudisha kwa kupenda kwake. Ni kweli, Mwalimu Songoro?

Muzee akavua miwani.

— Ni kweli, binti yangu. Anakuwa amejikomboa.

— Pokea, Assani.

— Adolphine...

— Pokea, na useme.

— Sitaki.

— Mimi pia sikutaka kushika micro ile. Pokea.

Akapokea. Alikuwa ameshika ile nguo kama vile watu wanashika mutoto wa mutu mwingine. Akasema neno la kumuacha, kwa sauti ndogo, na mara hii hakuna mutu aliyecheka.

Bagalwa hakujua afanye nini, akafanya anachojua: akampa Assani dix-huit, kumi na nane. Kwa sababu, kusema kweli, jibu lilikuwa sahihi.

Baba na binti wakashuka kilima pamoja. Chini, ziwa lilikuwa limetulia, na mvua ya Kabare ilikuwa inakuja. Papa Ignace alitembea kwa muda mrefu, kofia inazunguka mikononi.

— Sikiliza, mutoto wangu, akasema mwishoni. Kwetu Bushi hakuna ng'ombe iliyotembea. Haukuolewa. Kwa padri hakuna pete. Haukuolewa. Kwa serikali hakuna karatasi. Basi hakuna mutu amekuacha. Machozi ni ya nini?

Adolphine akaendelea kushuka, macho kwa barabara.

— Mimi nilifikiri ni mchezo, yagirwa, tafazali. Wote walicheka. Professeur alicheka, wenzako walicheka, mimi nilicheka mpaka nikalia. Nitajuaje?

Adolphine akasimama. Akamugeukia baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamutazama usoni.

— Ungenitazama, papa. Siku ile unanitoa, mimi sikucheka.